Pro V1, Tour Response au Supersoft: Kuchagua Mpira wa Gofu kwa Umbali, Hisia na Bei

Mchezaji wa gofu anaweza kumaliza miezi mitatu akitafuta draiva, ile fimbo ya mapigo marefu kuliko yote. Ataazima ya rafiki aijaribu, ataulizia bei Dar es Salaam, Nairobi na Dubai, atabishana na wenzake kuhusu urefu wa mpini. Kisha siku ya mashindano atafungua mfuko wa pembeni wa mkoba wake na kutoa mpira wowote utakaotangulia mkononi. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu draiva hutumika mara 14 hivi katika mashimo 18, ilhali mpira unahusika na kila pigo, kuanzia lile la kwanza kwenye tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, hadi lile la kuusukuma shimoni.

Mipira ninayoilinganisha hapa ni mitatu, na nimeichagua kwa sababu kila mmoja unasimama katika ngazi yake ya bei na ya utengenezaji: Titleist Pro V1 juu, TaylorMade Tour Response katikati, na Callaway Supersoft chini. Nitagusia pia mipira ya kuokotwa, kwa kuwa katika viwanja vyetu inachezwa na watu wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Anayenisoma ninamchukulia kuwa mchezaji wa kawaida, mwenye handikapu (mapigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji kulingana na kiwango chake) kati ya 12 na 28, anayecheza mwishoni mwa juma, anayenunua mipira kwa fedha yake mwenyewe na ambaye hupoteza miwili au mitatu kila anapozunguka uwanja.

Umbali: tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai

Kanuni za gofu duniani husimamiwa na vyombo viwili, R&A yenye makao yake St Andrews huko Uskoti, na USGA ya Marekani. Vyombo hivyo vinataka mpira usizidi uzito wa gramu 45.93, kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na kasi yake unapogongwa na mashine ya majaribio isivuke kikomo kilichowekwa. Viwanda vikubwa vimekuwa vikitengeneza mipira inayokaribia kikomo hicho kwa miaka mingi, hivyo sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani yake mna umbali usio na kifani haliwezi kutoa muujiza wowote ulio halali. Kinachobaki ni tofauti ndogo zinazotokana na jinsi kiini kinavyobonyea, jinsi vishimo vya ganda vinavyoikata hewa, na kiasi cha mzunguko ambao mpira unaondoka nao kwenye uso wa fimbo.

Kipimo cha kubonyea, ambacho wauzaji hukiita kompresheni, ndicho kinacholeta utata mwingi zaidi. Supersoft uko karibu na 40, Tour Response karibu na 70, na Pro V1 karibu na 90. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo mpira unavyobonyea kwa urahisi. Kwa muda mrefu wachezaji wamefundishwa kwamba mwenye kasi ndogo ya fimbo ni lazima atumie mpira laini, eti kwa sababu hana nguvu ya kuubonyeza ule mgumu. Fundisho hilo lina chembe ya ukweli, lakini limetiwa chumvi nyingi. Kila mpira hubonyea unapogongwa na draiva, hata mpigaji akiwa mzee wa miaka 70, na kwa kawaida ule mgumu huirudisha nguvu kwa haraka zaidi. Kwa hiyo mpira laini sana hupoteza kasi kidogo, na hasara hiyo huongezeka kadiri mpigaji anavyokuwa na kasi kubwa. Mtu anayezungusha draiva kwa takriban maili 93 kwa saa, ambao ndio wastani wa wanaume wa ridhaa, ataiona tofauti hiyo kama mita chache tu. Mtaalamu wa PGA Tour, anayepiga kwa takriban maili 115, ataiona zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya asiuguse mpira wa namna hiyo.

Mbadala ambao mpira laini unautoa kwa kasi hiyo iliyopotea ni mzunguko mdogo kwenye fimbo ndefu. Faida yake si ya kubeza. Mzunguko ukiwa mdogo, pigo lililokosewa, lile linaloanza vizuri kisha likakata kulia kuelekea kwenye miti, halikati sana. Na kwa mchezaji ambaye nusu ya mapigo yake ya draiva huwa ya aina hiyo, mita tatu zilizopotea mbele si kitu ukilinganisha na mita 10 zilizookolewa pembeni.

Kampuni zenyewe hazikubaliani kuhusu mahali pa kuanzia. Bridgestone kwa miaka mingi imeigawa mipira yake ya Tour B kwa kasi ya fimbo, ikiweka mpaka kwenye maili 105 kwa saa: chini ya hapo RX na RXS, juu ya hapo X na XS. Titleist inafundisha kinyume, kwamba uchaguzi uanzie kwenye grini, yaani eneo lililoandaliwa kuzunguka shimo, na kurudi nyuma kuelekea tii. Mimi nimesimama na fundisho hili la pili. Siamini kwamba mapigo ya karibu yana uzito kuliko ya mbali. Ninaamini tu kwamba huko karibu ndiko mipira inakotofautiana kweli, na mtu hachagui kitu kwa sifa ambayo vitu vyote vinaishiriki.

Ganda ndilo unalolilipia

Ukiipasua mipira hii mitatu kwa msumeno, utaona mara moja fedha zilikokwenda. Supersoft una vipande viwili tu, yaani kiini kikubwa na ganda la jamii ya ayonoma, ambayo ni plastiki ngumu isiyochanika kirahisi. Tour Response una vipande vitatu: kiini, tabaka la kati, na ganda la yurethani. Pro V1 nao una vitatu, lakini ganda lake la yurethani humiminwa likiwa majimaji ndani ya kalibu na kutoka jembamba sana. Ndugu yake, Pro V1x, una vipande vinne. Tangu toleo la 2021, Pro V1 una vishimo 388 na Pro V1x una 348, jambo ambalo mchezaji hahitaji kulikumbuka, isipokuwa kwa kufahamu kwamba vishimo hivyo ndivyo vinavyoufanya mpira upae badala ya kudondoka kama jiwe.

Yurethani ni laini, na chini yake pamewekwa tabaka gumu makusudi. Fimbo ya weji, ile ya mapigo mafupi ya kupaa, inapoupiga mpira, ganda hilo hubanwa kati ya uso wa fimbo na tabaka gumu, likaingia kidogo katika mifereji ya uso huo na kushikwa. Mshiko huo ndio unaozaa mzunguko wa nyuma, na mzunguko wa nyuma ndio unaoufunga mpira breki unapotua kwenye grini. Ganda la ayonoma halishikwi hivyo; huteleza kuupanda uso wa weji, kwa hiyo mpira huondoka juu zaidi, ukiwa na mzunguko mchache, na ukitua huendelea na safari.

Zamani mchezaji alilazimika kuchagua upande mmoja. Hadi mwishoni mwa karne iliyopita wataalamu wengi walicheza mipira ya nyuzi za mpira zilizosokotwa kukizunguka kiini na kufunikwa ganda laini la balata, ambalo pigo moja la ukingo wa fimbo lilitosha kulikata. Sisi wengine tulibaki na mpira wa vipande viwili, mgumu kama jiwe, uliokwenda mbali na kudumu lakini usiosimama popote. Mei 2000 Tiger Woods akahamia kwenye mpira usio wa nyuzi, na mwezi uliofuata akashinda U.S. Open huko Pebble Beach kwa tofauti ya mapigo 15. Oktoba ya mwaka huohuo Pro V1 ukaingia mashindanoni kwa mara ya kwanza mjini Las Vegas. Wachezaji 47 waliuchukua wiki hiyohiyo, na mmoja wao, Billy Andrade, akatwaa ubingwa. Kuanzia hapo mpira mmoja uliweza kuwa na umbali wa ule mgumu na breki za ule laini, na kila mpira wa vipande vitatu wenye ganda la yurethani unaouzwa leo, Tour Response ukiwemo, umefuata njia hiyo.

Nilitaka kuona tofauti hii kwa macho yangu badala ya kuiamini tu. Saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekwisha kukauka, nilisimama mita 30 kutoka kwenye bendera ya uwanja wetu wa mazoezi nikiwa na weji ya digrii 56 na mipira tisa, mitatu ya kila aina, yote mipya. Kedi wangu, yaani mbeba mkoba, alikaa kando ya grini akichomeka tii mahali kila mpira uliposimama. Pro V1 ilitua, ikaruka mara moja, ikashika breki kwenye mruko wa pili na kusimama hatua mbili au tatu kutoka ilipotua. Tour Response ilifanya karibu vilevile, ikiongeza hatua moja hivi. Supersoft ilitua mahali palepale, lakini ikabingirika hatua saba, nane, na mmoja ukatoka nje ya grini kabisa. Huo si utafiti wa maabara, na mikono yangu si ya mashine. Hata hivyo zile tii tisa zilizosimama kwenye nyasi, sita zikiwa karibu karibu na tatu zikiwa kule mbali, zilinitosha.

Kuna hali ambazo yurethani haikupi ulichoilipia, na ni haki msomaji azijue. Katika viwanja vya nyanda za juu za Kenya nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizohizo za Afrika Mashariki, zikiachwa kukua pembezoni huwa nene na zenye kukamata. Mpira ukizama humo, majani huingia kati ya fimbo na ganda, na mzunguko unapungua hata uwe umelipia mpira wa bei gani. Wakati wa masika maji hufanya kazi hiyohiyo. Weji kuukuu ambayo mifereji yake imesagika nayo haishiki vizuri. Na katika vile viwanja vichache vya zamani ambako badala ya grini ya nyasi palitengenezwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta, hakuna sababu yoyote ya kununua ganda la yurethani, kwa kuwa huko mpira huchezwa kwa kubingirishwa.

Jambo moja zaidi kuhusu ganda ni uimara. Ayonoma huvumilia njia za zege, mawe ya matumbawe na mchanga mkavu wa mitego kuliko yurethani. Pro V1 uliopigwa mara mbili kutoka kwenye mtego wa mchanga kwa weji mpya hutoka na manyoya madogo unayoyahisi ukipitisha ukucha. Bado unachezeka, lakini mchezaji anayepita mchangani kila shimo asitegemee kuyamaliza mashimo 18 kwa mpira mmoja wa yurethani ukiwa unang'aa.

Hisia huanzia sikioni

Watu husema mpira huu ni laini na ule ni mgumu, wakidhani wanazungumza juu ya mikono yao. Sehemu kubwa ya hisia hiyo ni sauti. Mpira unagusana na uso wa fimbo kwa muda mfupi mno kuliko kufumba na kufumbua, na kile ambacho mchezaji anakiita ulaini ni mlio mzito, wa chini, unaomfikia sikioni pamoja na mtikisiko mdogo mikononi. Nilimwomba kedi wangu anipe mgongo, nikaisukuma mipira mitatu kwa puta, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, kutoka hatua nne, mmoja baada ya mwingine. "Huo wa tatu ndio mlaini, mzee," aliniambia bila kugeuka, na kweli ulikuwa Supersoft. Pro V1 na Tour Response hakuweza kuitenganisha.

Kwa hiyo hisia ni jambo la mtu binafsi, na sioni sababu ya kumwambia mwenye kupenda mlio mkavu kwamba amekosea. Kuna wachezaji hodari wanaotaka kuusikia mpira ukilia kwenye puta, kwa sababu mlio huo unawaeleza wamepiga kwa nguvu kiasi gani. Hao wataupenda Pro V1x, ambao ni mgumu kuliko Pro V1, na watauona Supersoft kama unaopigwa kupitia kitambaa. Wengine, hasa waliozoea puta yenye uso mgumu wa chuma, hutafuta mpira laini ili kuupoza mlio wa fimbo. Ninachosisitiza ni kwamba hisia laini isichanganywe na uwezo wa kusimama. Jina la Supersoft lenyewe lina maana ya ulaini mkubwa, na kwa upande wa kiini ni kweli tupu, lakini ndio ulioteleza mbali zaidi kwenye jaribio langu. Kiini laini na ganda laini ni mambo mawili tofauti, na mnunuzi anayedhani ni kitu kimoja atalipia kile asichokihitaji.

Bei: hesabu ya mwaka mzima

Katika maduka ya Marekani, ambako bei hizi hutangazwa, dazeni ya Pro V1 imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 55, ya Tour Response kwa dola 40 na ushei, na ya Supersoft kwa takriban dola 25. Kwetu mipira yote huagizwa kutoka nje, hivyo gharama ya usafirishaji na ushuru huongezeka juu yake, na ndiyo maana ndugu anayerudi kutoka Dubai au London huombwa dazeni mbili kabla hajaulizwa habari za safari. Uwiano kati ya mipira hii mitatu, hata hivyo, haubadiliki sana popote ununulie, na uwiano ndio wa kuufanyia hesabu.

Chukua mchezaji anayecheza mara 40 kwa mwaka na kupoteza mipira mitatu kila mara. Hiyo ni mipira 120, yaani dazeni 10. Kwa bei za Marekani atalipa dola 550 akicheza Pro V1, dola 430 hivi akicheza Tour Response, na dola 250 akicheza Supersoft. Tofauti ya dola 300 kati ya juu na chini ni ada ya masomo kadhaa kwa mwalimu wa gofu, na sina shaka kwamba masomo hayo yatampunguzia mapigo mengi kuliko ganda lolote. Sasa chukua mwenzake anayepoteza mpira mmoja tu kila anapocheza. Huyo anahitaji dazeni tatu na kidogo kwa mwaka, na tofauti kati ya mpira wa juu kabisa na wa chini kabisa kwake ni dola 100 kwa mwaka mzima. Mtu wa kiwango hicho ambaye tayari analipa ada ya klabu, kedi na mafuta ya gari, kisha akabana dola 100 kwenye kifaa anachokitumia katika kila pigo, amebana mahali pasipofaa.

Ndiyo maana namba ya kwanza unayopaswa kuijua kabla ya kuingia dukani si kasi ya fimbo yako, ni idadi ya mipira unayopoteza. Iandike pembeni mwa kadi yako ya alama kwa mizunguko mitano mfululizo, bila kujidanganya, ukihesabu na ile uliyoiona ikitumbukia majini lakini ukajiambia haikuwa mizuri.

Pwani na nyanda za juu

Mchezaji wa Mombasa, Kilifi au Dar es Salaam na yule wa Nairobi au Arusha hawachezi katika hewa moja. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia sita hivi: pigo la mita 200 huko Nyali linaweza kufika mita 212 huko Muthaiga. Hewa hiyo nyepesi pia haiupi mpira mkato mkubwa, hivyo anayekata kulia pwani, mkato wake utapungua akiwa bara. Wataalamu wanaokuja kwa ajili ya Kenya Open kutoka viwanja vya usawa wa bahari hulazimika kupima upya umbali wa kila fimbo kwa sababu hiyo.

Kwa uchaguzi wa mpira, maana yake ni hii. Mchezaji wa nyanda za juu tayari amepewa umbali wa bure na maumbile, na hana haja ya kuununua. Aelekeze fedha yake kwenye breki, yaani kwenye yurethani, zaidi ya kitu kingine chochote. Mchezaji wa pwani ana adui mwingine, upepo. Kusi inapovuma kati ya miezi ya katikati ya mwaka, mpira wenye mzunguko mwingi unaopigwa dhidi ya upepo hupanda, husimama angani kama umeshikwa na kamba, kisha huanguka mita 20 kabla ya mahali ulipoutarajia. Hapo Supersoft, wenye mzunguko mdogo kwenye fimbo ndefu, una faida halisi, na ni mahali pekee ambapo mimi mwenyewe huusifu bila masharti. Anayetaka kuendelea na yurethani hata upepo ukiwa mkali achukue fimbo moja kubwa zaidi na kupiga taratibu, kwa kuwa pigo la taratibu huzaa mzunguko mchache.

Mipira ya kuokotwa, na ile ya duka la jumla

Kando ya viwanja vingi kuna vijana wanaookota mipira vichakani na mabwawani na kuiuza kwa bei ndogo. Kwao ni riziki ya halali, na kwa mchezaji ni nafasi nzuri endapo atajua kutazama. Pro V1 uliopotea jana kichakani, usio na mkwaruzo, ni mpira uleule wa dukani, na kwa anayeanza kuipenda yurethani lakini hamudu dazeni hakuna njia bora. Angalia mambo mawili. La kwanza ni rangi: mpira wa bwawani uliokaa muda mrefu hugeuka kuwa wa kijivu au wa manjano, na unaweza kuwa umepoteza sehemu ya kasi yake. La pili ni mpira uliopakwa rangi upya, ambao hung'aa kupita kiasi, na ukiutazama kwa karibu utaona vishimo vyake vimejaa kidogo na maandishi yake yana kingo zisizo kali. Huo usiununue hata kwa bei ya embe, kwa sababu vishimo vilivyojaa huvuruga safari ya mpira angani na hujui ndani mna nini.

Kuna pia mipira ya chapa za maduka ya jumla. Mwaka 2016 Costco ya Marekani ilitoa mpira wa Kirkland Signature, wa vipande vinne na ganda la yurethani, kwa takriban dola 15 kwa dazeni, ukamalizika madukani mara moja na kuzaa kesi kati yake na Acushnet, wamiliki wa Titleist, ambayo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2018. Toleo la sasa ni la vipande vitatu, lina breki nzuri karibu na grini, ingawa huzunguka zaidi kwenye fimbo ndefu kuliko ninavyopenda. Anayeletewa na jamaa kutoka Marekani aujaribu bila wasiwasi. Kwa bei yake, hakuna yurethani mpya inayoshindana nao.

Nani achukue upi

Mwenye handikapu ya 20 na zaidi, anayepoteza mipira mitatu au zaidi, na ambaye mapigo yake ya karibu na grini bado ni ya kubingirisha kwa fimbo ya chuma namba 8, achukue Supersoft na asione haya. Utakwenda moja kwa moja kuliko mingine, utavumilia mawe, na kwa kuwa yeye hautegemei usimame, kubingirika kwake ni tabia anayoweza kuijifunza na kuipangia.

Mwenye handikapu kati ya 10 na 20, anayepoteza mmoja au miwili, achukue Tour Response, au Srixon Q-Star Tour ambao umejengwa kwa vipande vitatu na ganda la aina hiyohiyo na hubonyea karibu sawa. Hapa ndipo ninaposimama mimi, na ndilo pendekezo ninalolitoa kwa moyo wote, kwa sababu umbali mdogo unaoukosa ukilinganisha na Pro V1 hauonekani kwenye kadi, ilhali breki unazozipata zikilinganishwa na Supersoft zinaonekana siku ileile ya kwanza. Pro V1 nawaachia wenye handikapu ya chini ya 10, au yeyote anayepoteza mpira mmoja katika mizunguko miwili. Huyo anaweza kukitumia kile kidogo cha ziada alicholipia, na mpira ukikaa naye muda mrefu bei yake hupungua yenyewe.

Usinunue dazeni kwanza. Nunua pakiti moja ya mipira mitatu ya kila aina kati ya mbili unazozifikiria, nenda kwenye uwanja wa mazoezi, anza kwa puta, rudi mita 30 na weji, kisha mita 120 na fimbo ya chuma, na draiva iwe ya mwisho. Ukishachagua, cheza mpira huohuo msimu mzima. Kanuni zinakuruhusu kubadili mpira unapoanza shimo jipya, isipokuwa kamati ya mashindano iwe imeweka sharti la aina moja ya mpira, na najua wengi hutoa mpira mkuukuu wanapofika kwenye shimo lenye bwawa. Mimi nimeacha kufanya hivyo, kwa sababu mkono uliozoea mpira mmoja haujui nguvu ya kuupigia mwingine, na mara nyingi ule mkuukuu ndio huzama. Mipira mchanganyiko iliyobaki mkobani, wapatie vijana wanaojifunza kwenye uwanja wa mazoezi. Kwao aina ya ganda bado haina uzito, na mipira 20 kwa alasiri moja ni kitu kikubwa sana.